Moyo wa Pikapu

Mvua za mwaka ule zilikosa, na mbuga ya Bahi ikakauka mpaka ikapasuka. Samaki waliisha, majaruba ya mpunga yakabaki matuta matupu, na mahali ambapo miaka mingine watu huvuka kwa mitumbwi pakawa uwanja wa udongo mgumu uliolala sawasawa hadi macho yachoke. Wakulima walihuzunika. Wenye magari walifurahi, na hawakuona hata haya kufurahi. Klabu moja ya madereva wa Dodoma ilipima mstari mrefu katikati ya mbuga, ikachomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu pande zote mbili, ikatangaza mashindano ya kasi. Magari yangepita moja moja, dereva akanyage awezavyo, na atakayepita kwa kasi kuliko wenzake ndiye bingwa.

Mashindano yalikuwa Jumapili. Jumamosi asubuhi yalikuwa majaribio, na Inspekta Restuta Rwegoshora alikuwa ametumwa kuangalia usalama, kazi ambayo kwa maoni yake ingeweza kufanywa na kamba na filimbi.

"Huyo anayekuja ni Mustapha," alisema Koplo Lameck, dereva wake, Mgogo wa palepale asiyeishiwa maneno. "Subiri uone, afande. Ile pikapu haikimbii. Inaruka."

Pikapu ya kijani ikaja. Haikuruka. Ilipita mbele yao ikikohoa, na vumbi lake lenyewe likaipita. Watu waliojipanga pembeni walicheka, wengine wakaisukuma kwa mikono hewani.

Mustapha alikuwa mtu wa Kondoa. Biashara huria iliporuhusiwa alianza kwa kuuza tairi kuukuu juu ya turubai, na sasa alikuwa na duka la vipuri na mzigo wake mwenyewe kutoka Dubai. Pikapu ile ilikuwa mtoto wake wa mwisho. Bodi ilipunguzwa, springi zikashushwa, injini ikabadilishwa, na juu ya injini ikakaa kabureta kubwa ambayo Dodoma nzima haikuwa na ya pili. Dereva wake, Ebenezer Ndahani, alikuwa amefiwa na baba na yuko kwao Mvumi, kwa hiyo siku hiyo tajiri alikuwa amekamata usukani mwenyewe. Alishuka uso umemvimba.

"Batholomeo! Gari lina nini?"

Fundi Batholomeo alikuja na kitambaa begani, akafungua boneti. Restuta alikuwa amesogea karibu vya kutosha kuona. Mkono wa fundi ulikwenda moja kwa moja mahali unapopajua, kisha ukasimama hewani.

"Kabureta," alisema. "Siyo yenyewe."

"Siyo yenyewe kivipi?"

"Hii ni ile ya zamani, bosi. Ile tuliyoitoa."

Mustapha aliinama, akatazama, akainuka. "Funguo za gari anakaa nazo nani?"

"Mimi."

"Gereji anafunga nani?"

"Mimi."

"Basi na mwizi ni wewe!" Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye vijiti. "Afande, mmeona wenyewe. Kanibadilishia mali yangu, kaniuza kwa wenzangu. Mkamateni huyu."

Umati ulisogea. Restuta aliwarudisha nyuma kwa mkono mmoja, akainama kwenye injini. Nati zilizoshika ile kabureta ya zamani hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mwizi mwenye haraka hutumia koleo na huacha alama. Huyu alitumia spana ya saizi yake na akakaza kama mtu anayelipenda gari. Ulikuwa mkono wa fundi, hilo halikuwa na ubishi. Alizunguka mbele, akapitisha vidole kwenye vyuma vya mbele ya rejeta. Kipande cha kamba ya katani kilikuwa kimebaki humo, na ndani ya fundo lake kijitawi chenye majani yaliyoanza kukauka. Alikinusa. Kilikuwa kichungu puani kama dawa ya malaria ya utotoni. Mwarobaini. Alikitia mfukoni, akamwambia Batholomeo amfuate kwenye hema la polisi pembeni ya mstari.

"Gari liliwekwa sawa lini?"

Fundi alifikiri. "Jumanne. Nilimaliza kila kitu, nikafunga boneti. Gari lililokwisha kuwekwa sawa halifunguliwi ovyo."

"Na kabla ya kupakiwa lori leo kuja huku, lilitoka gereji?"

"Halikutoka."

"Hata mara moja?"

"Hata."

Swali la kwanza alilifikiria. Haya mawili aliyajibu kabla hayajaisha. Restuta aliliona hilo, akaliacha kwanza.

"Nani mwingine Dodoma anaweza kuifungua na kuifunga vile?"

"Fundi yeyote mwenye akili."

"Unamshuku nani?"

Batholomeo alitazama viganja vyake vyeusi vya grisi. "Simshuku mtu."

"Mtu asiyemshuku mtu, Batholomeo, ama hajui kitu au anajua sana."

"Nifunge tu, afande."

Restuta alikuwa amefunga watu wengi, Bukoba, Tabora na sasa Dodoma. Hakumkumbuka hata mmoja aliyeomba kufungwa kabla ya chakula cha mchana. Alimtia pingu kwa sababu mlalamikaji alikuwa amesimama mlangoni, na umati mzima ukaangalia fundi akipandishwa Land Rover. Kuna aliyezomea. Batholomeo hakuinua uso.

"Mwarobaini," Restuta alimwambia Lameck. "Nani hapa analaza magari chini ya mwarobaini?"

"Anthony, afande. Kituo chake cha mafuta kina mmoja mkubwa, magari yote hulala chini yake. Na ndiye mpinzani wa Mustapha."

Anthony walimkuta amekaa juu ya tairi kando ya pikapu yake, anakula karanga. Alikuwa na kituo cha mafuta na mabasi kadhaa, na kitambi kinachoendana na vyote hivyo.

"Nimesikia," alisema kabla hajaulizwa. "Mnataka kuniona mimi."

"Fungua boneti."

Alifungua bila kulalamika. Restuta alitafuta, akajikuta anatafuta kitu kisichokuwepo.

"Dizeli, mama," Anthony alisema. "Injini ya dizeli haina kabureta. Nikaibe ya nini? Nikatilie maua?"

"Ungeweza kuichukua ili mwenzako asishinde."

"Ningetaka asishinde ningemwagia mchanga kwenye tangi, nikaenda kulala. Yule aliyeiba kaitoa, halafu kakaa chini akamfungia nyingine ili gari litembee. Ushawahi kuona mwizi wa namna hiyo? Anakuvua viatu, anakuvalisha ndala?"

"Na mwarobaini wako?"

"Dodoma nzima ni mwarobaini na vumbi, afande. Utatukamata wote?"

Lameck alicheka, akakohoa kuficha. Restuta hakucheka, lakini maneno ya ndala alikaa nayo njia nzima ya kurudi mjini. Mwizi huyu alitaka gari lifike nyumbani. Hapo palikuwa na kitu.

Saa ya chakula, Ruthu, mke wa Batholomeo, alikuwa tayari yuko kituoni na hotpoti ya ugali na bakuli la mlenda lililofunikwa kwa sahani. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Area D, ambako wanakaa ua mmoja na gereji.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Amekula?"

"Amekataa. Anasema nirudi nacho." Ruthu aliushika mfuniko kana kwamba chakula kingetoroka. "Afande, mume wangu hajachukua hata nati ya mtu. Watu wanamwachia magari yao wanakwenda kulala. Fundi akishaitwa mwizi mbele za watu, nani atamwachia funguo tena? Hata mkimwachia Jumatatu, atakuwa ameshakwisha."

Restuta alijua ni kweli. Mahakama inaweza kumwachia mtu, mji usimwachie.

"Kaa, Ruthu. Wiki hii ulimwona ana wasiwasi wowote?"

"Wasiwasi gani? Alikuwa anaimba. Labda hiyo Jumatano tu, nilipomgombeza kwamba betri itakufa, gari limerudi na taa zinawaka jua kali na hakuna hata wa kuzi..."

Akanyamaza. Mkono ukapanda mdomoni, umechelewa.

"Limerudi kutoka wapi?"

"Sikusema limerudi."

"Umesema, mama."

Machozi yakamtoka Ruthu. "Alinikataza. Alisema nikifungua mdomo nitamuua mtu aliyekwisha kufa. Sijui maana yake, afande. Naapa sijui."

Restuta alitoa kile kijitawi mfukoni, akakiweka mezani pamoja na kamba yake ya katani. Hakikudondoka kutoka mtini. Kilifungwa. Majani mabichi yaliyofungwa mbele ya gari, na taa kuwashwa mchana. Alijiona mjinga kwa kumkatiza Anthony karanga zake.

"Lameck! Gari likibeba maiti, mnalifunga nini mbele?"

"Majani, afande. Na taa zinawashwa, ili watu wapishe."

"Jumatano alizikwa nani?"

Mdomo wa Lameck ulifunguka. "Mzee William Ndahani. Baba yake Ebenezer. Mvumi. Mimi mwenyewe nilikwenda Alhamisi kutoa pole, si ulinipa ruhusa?"

"Maiti ilipelekwa na gari gani?"

"Nilikuta wameshazika, afande. Gari sikuliona, na msibani huulizi mambo ya gari."

Restuta alikwenda hadi kwenye nondo za mahabusu. Batholomeo alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani.

"Ulimpa Ebenezer pikapu akabebe maiti ya baba yake."

Batholomeo aligeuzia uso ukutani.

"Na leo ulipofungua boneti ukadhani ndiye aliyeitoa kabureta. Ndiyo maana unataka kulala humu."

"Mimi sijasema hivyo."

"Nimesema mimi. Wewe kanusha."

Batholomeo aliinuka, akashika nondo. "Msiba una mambo mengi, afande. Mtu akifiwa, akili yake haiko sawa. Leo ndiyo wanaanua matanga. Mtakwenda kumtia pingu mbele ya mama yake? Ngojeni basi hata kesho."

Hakuna kazi Restuta aliyoichukia kama kwenda kukamata mfiwa, na sasa ilionekana ndiyo iliyobaki. Njia ya Mvumi ilikuwa vumbi na makorongo, na Lameck, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, aliendesha bila kusema neno.

Walisikia vicheko kabla hawajaiona nyumba. Uani watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka na vigoda, wanawake wanapakua chakula, na katikati mzee mmoja mwembamba amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Alikuwa amejifunga khanga ya kike kiunoni na kofia ya marehemu kichwani, na ameshika ungo kwa mikono miwili kama usukani.

"Pipiii!" alipiga honi. "Pisheni, Wagogo! Ndahani anapita! Breki hana, nauli ameshakula!"

Watu walishika mbavu. Hata mjane, aliyeegemea ukuta, alikuwa anafuta macho kwa kicheko.

"Huyo ni Marko Kapela," Lameck alinong'ona. "Mnyamwezi, ana gereji hapa. Alikuwa fundi wa safari wa marehemu enzi za malori, njia ya Tabora. Ndiye mtani wao."

Restuta alihitaji maelezo hayo tu. Mnyamwezi na Mgogo ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ambayo hata mchungaji hana. Atamwiga marehemu, atalala njiani maiti isipite, atachukua kitu cha wafiwa na kukishikilia mpaka kikombolewe, na mfiwa haruhusiwi kununa.

"Mbukwenyi!" Lameck aliwasalimu wote kwa Kigogo. Waliitikia, na Marko aliziona sare zao. Alitupa ungo, akanyoosha mikono miwili mbele.

"Polisi! Nilijua mtakuja tu! Mimi ndiye mwizi! Nimeuiba moyo wa gari la Ndahani, nifungeni!"

Ua mzima ulilipuka. Lameck naye alianza kucheka, halafu akaacha ghafla.

"Afande," alisema polepole. "Maneno haya aliyasema na Alhamisi."

"Maneno gani?"

"Hayo. Kwamba kaiba moyo wa gari. Nilicheka mpaka nikamnunulia pombe."

Walitazamana. Kisha Restuta alivuka mikeka, akachuchumaa mbele ya kinu.

"Shikamoo, mzee. Huo moyo wenyewe uko wapi?"

Marko alishusha mikono. Uso wa kuchekesha ukamtoka, akabaki mzee aliyechoka.

"Mwishowe," alisema. "Tangu siku ya maziko natangaza hapa mpaka sauti imenikauka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza uko wapi. Wananicheka tu. Nimejikuta mimi ndiye niliyebaki na mzigo." Akamwita binti jikoni. "Dorothea, niletee chungu changu."

Chungu kililetwa, kimefunikwa kwa kawa. Ndani, juu ya kitambaa safi, kabureta kubwa ya Mustapha ilikuwa imelala, imeoshwa kwa mafuta ya taa mpaka inang'aa.

Hapakuwa na mwizi. Restuta alitamani kukaa chini palepale mkekani, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, akakaa.

"Uliitoa saa ngapi?"

"Wakati wenyewe wako makaburini. Spana ninatembea nazo. Ndahani alikuwa dereva, nikasema simwachii aende hivihivi, nitamshikia gari lake."

"Na kwa nini ulifunga nyingine?"

Marko alimtazama kwa huruma. "Kwenu hakuna utani, mama? Utani una adabu zake. Mfiwa nimwache njiani? Ile ya zamani niliikuta kwenye gunia nyuma ya kiti, nikamfungia afike. Nilijua mtoto akitoka hapa atakanyaga, ataona gari halina nguvu, atarudi mbio kunidai. Nimtoze jogoo, acheke kidogo, yaishe. Tangu baba yake afe hajacheka huyu. Kumbe hakukanyaga."

"Sikukanyaga."

Aliyesema alikuwa amesimama mlangoni, kijana mrefu mwenye macho mekundu. Ebenezer. "Nilirudi polepole mpaka mjini. Barabara yenyewe nilikuwa siioni. Nikaegesha, nikadandia lori kurudi huku. Hata taa sikumbuki kama nilizima."

"Hukuzima," Restuta alisema. "Ebenezer, Batholomeo yuko mahabusu tangu asubuhi."

"Kwa nini?"

"Kwa wizi wa hiki kilichomo kwenye chungu. Mustapha kaamini ni yeye."

"Si angesema gari nilikuwa nalo mimi!"

"Alidhani ni wewe uliyeiuza. Akaona heri afungwe yeye kuliko wewe ukamatwe matangani."

Ebenezer alikaa kwenye kizingiti. "Alidhani nimeiba," alisema, "na bado hakunitaja?"

"Hakukutaja. Mke wake ndiye aliyeteleza ulimi."

Alilia basi, kwa sauti, na mama yake akaja akamshika kichwa. Watu waliinama. Marko alisubiri kidogo, kisha akajikohoza.

"Msiba ni msiba," alisema, "lakini chungu hakitoki bila jogoo. Polisi au hakuna polisi."

Jogoo wa nyumba hiyo alikuwa mwekundu, mwenye miguu mirefu, na inaelekea alikuwa amesikia. Alitoka uani kabla Ebenezer hajainuka. Alimpitisha nyuma ya choo, akamzungusha ghala, akamrudisha kati ya sufuria, na wanawake wakapiga vigelegele vya kumshangilia jogoo. Marko alisimama juu ya kinu, anatangaza. "Dereva wa mashindano huyo! Kuku anamshinda!" Ebenezer alianguka kwenye mikeka, akainuka ana wali kwenye mashavu, na hapo akacheka, machozi yangali yanamtoka. Alicheka mpaka akashindwa kusimama. Lameck ndiye aliyemdaka jogoo, na kwa mtu aliyenunua pombe badala ya kukamata mtuhumiwa, alijisifu kuliko haki yake.

Mjane alimpa Marko jogoo kwa mikono miwili. Marko alimpa chungu kwa mikono miwili. "Sasa kalale, ndugu yangu," alisema akitazama upande wa makaburi, na mara hiyo hakuna aliyecheka.

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika gereji ya Batholomeo mjini. Mustapha alikuwa ameitwa, amesimama kando ya pikapu yake na mikono nyuma. Restuta alimwambia yote, kuanzia majani ya mwarobaini mpaka jogoo. Ebenezer aliweka chungu miguuni pake.

"Mlibeba maiti kwenye gari langu," Mustapha alisema.

"Ndiyo, bosi."

"La mashindano."

"Ndiyo. Tulikosa jingine. Makosa ni yangu, siyo ya Batholomeo."

Mustapha aliinama, akafunua chungu, akakifunika tena.

"Kwa nini hamkuniomba?"

Ebenezer alitazama chini. "Tuliogopa ungekataa."

"Mimi?" Sauti ilimtoka ndogo, haikufanana naye. "Baba yangu alibebwa kitandani na watu toka shambani mpaka kaburini, jua la saa sita, kwa sababu ukoo mzima hatukuwa na gari. Mimi ningekataa gari la kubebea baba wa mtu?" Aligeuka, akapangusa kioo cha pikapu ambacho hakikuwa na vumbi. "Mlinionaje ninyi?"

Alimgeukia Restuta. "Nami nimemwita mtu mwizi mbele ya Bahi nzima. Nifutieni malalamiko yangu, afande. Nani ana funguo za mahabusu?"

Jumapili watu walikuwa wengi kuliko Jumamosi, maana habari ya fundi aliyetiwa pingu ilikuwa imefika Dodoma na kurudi. Batholomeo aliposhuka kwenye gari minong'ono ilianza. Alikuwa amefunga kabureta jioni ileile, akaamka nayo alfajiri, na sasa alitembea kando kando ya watu, kofia ameishusha usoni. Ruthu alikuwa nyuma yake na hotpoti. Tangu jana fundi alikuwa hajala kitu cha maana. Alisema chakula hakipiti.

Zamu ya pikapu ya kijani ilipofika, Mustapha alitoka mbele peke yake mpaka kwenye mstari, mahali ambapo kila mtu angemwona. Alitoa funguo mfukoni, akaziinua juu.

"Fundi Batholomeo!"

Watu wakatulia. Batholomeo alisita, Ruthu akamsukuma mgongoni, akaenda.

"Jana nilisimama hapa nikasema neno juu ya mtu huyu," Mustapha alisema, kwa sauti ileile iliyofika kwenye vijiti. "Nilikosea. Hakuchukua kitu. Hizi ni funguo za gari langu, na hizi nyingine ni za duka langu. Atakaa nazo zote mpaka mimi nife. Mwenye neno aje aniambie mimi." Akaziweka kiganjani mwa fundi, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, ndugu yangu. Sasa liwashe."

Batholomeo alichagua ufunguo wa gari. Aliingia, akawasha. Mlio ule haukuwa wa jana. Anthony, upande wa pili, aliacha karanga zake.

Ebenezer alipanda, akavaa helmeti. Bendera ikashuka. Pikapu ilichimba udongo, ikanyooka, ikawa mstari wa kijani wenye vumbi refu nyuma. Umati ulipiga kelele. Batholomeo hakutazama. Alikuwa amefumba macho, ameinamisha sikio, anasikiliza gia moja baada ya nyingine. Ya tatu. Ya nne. Mlio ukapanda, ukapanda tena, ukakaa juu huko bila kutetereka mpaka ukapotea mbugani.

"Kakanyaga," alisema.

Mwisho wa mstari waamuzi waliinua bendera nyeupe, ishara kwamba hakuna aliyeifikia kasi hiyo, na Lameck, ambaye hakutakiwa kushabikia, alirusha kofia ya serikali hewani. Mustapha alikuwa anamkumbatia kila aliyekuwa karibu, akiwemo Anthony. Restuta alimtafuta fundi kwa macho asimwone.

Alimkuta nyuma ya Land Rover, kivulini. Alikuwa amekaa chini, hotpoti kati ya miguu, anamega tonge baada ya tonge na kuchovya mlenda kwa haraka ya mtu aliyetoka safari, na Ruthu anamwambia ale taratibu, hakuna anayemfukuza. Funguo alikuwa amezilaza juu ya paja, mahali anapoziona.

"Karibu, afande," alisema mdomo umejaa.

Restuta alinawa mikono, akakaa.